Nyani Hana Dhambi: Sonona, Ubongo na Imani Yetu



Wapendwa waamini, nanyi nyote mnaofuatilia tafakari hizi za kila juma, kuna swali linaloulizwa katika milima yetu ya Upare kwa namna nyingi, ingawa maana yake ni ile ile. Mtu aliyekuwa mchangamfu, aliyelima tangawizi yake na kuimba kwaya, ghafla anaanza kujifungia ndani. Hapati usingizi, chakula hakimpendezi, hataki kuonana na watu, na akizungumza husema kwamba afadhali asingezaliwa. Je, amepatwa na nini? Wako wanaojibu kwamba amelogwa. Wako wanaosema kwamba kuna mwiko wa ukoo uliovunjwa. Na wako wengine, tena watu wa sala, wanaosema kwamba imani yake imepungua, kwa maana Mkristo wa kweli hawezi kukata tamaa.

Juma hili napenda kuyatoa maoni yangu waziwazi. Mtu huyo, mara nyingi, ni mgonjwa. Ni mgonjwa kwa maana ile ile ambayo mwenye malaria au mwenye kisukari ni mgonjwa, na ugonjwa wake una jina: sonona. Na shahidi nitakayemwita mbele yenu si daktari wala si mtakatifu. Ni nyani.

Najua wengi mtatabasamu. Nyani tunamfahamu sisi watu wa Same. Ndiye anayetufanya tushinde shambani tangu alfajiri mahindi yanapokomaa, ndiye tunayemwona barabarani tunapopita kando ya Hifadhi ya Mkomazi, na hakuna mkulima wa tambarare wala wa milimani anayemtaja kwa wema. Hata hivyo, mnyama huyu tunayemfukuza kwa mawe ana mchango mkubwa katika yale ambayo wanadamu wamejifunza kuhusu huzuni yao wenyewe. Naomba mnivumilie nieleze jambo hili kidogo kidogo.

Ndani ya ubongo zimo seli za neva, mabilioni kwa mabilioni. Seli hizi hazigusani moja kwa moja. Baina ya moja na nyingine upo upenyo mdogo mno. Ili habari ivuke upenyo huo, seli ya kwanza huachilia kemikali, nayo kemikali hiyo huelea hadi seli ya pili na kukaa mahali palipoandaliwa kwa ajili yake, kama ufunguo unavyoingia katika kitasa. Mahali hapo wataalamu hupaita kipokezi. Mojawapo ya kemikali hizo ni serotonini. Iligunduliwa katika damu na watafiti wa Cleveland, Marekani, mwaka 1948, na mwaka 1953 ikaonekana kwamba imo pia ndani ya ubongo. Vipokezi vyake ni vya aina nyingi, zinazofika 14 hivi, navyo vinahusika na usingizi, hamu ya chakula, hofu, maumivu na hali ya moyo kwa jumla. Kazi ikiisha, serotonini hurudishwa katika seli ilikotoka kupitia mlango maalumu, kama vile maji ya ndiva zetu yanavyofungwa ili yatumike tena siku nyingine.

Tatizo la wataalamu lilikuwa hili: vipokezi hivyo vitaonekanaje ndani ya kichwa cha kiumbe kilicho hai? Kwa miaka mingi njia ilikuwa moja tu, nayo ni kusubiri kifo na kuukata ubongo vipande vyembamba. Lakini ubongo wa maiti hauwezi kueleza namna unavyofanya kazi wakati mtu anapokula, anapoogopa, au anapomeza dawa.

Mchungaji anayemtafuta mbuzi wake kichakani usiku hufanyaje? Humfunga kengele shingoni. Hamwoni, lakini humsikia alipo. Ndivyo walivyofanya wataalamu. Walitengeneza kemikali ambayo inapenda kukaa katika kipokezi fulani, wakaifunga "kengele", yaani chembe ya kaboni yenye mnururisho, iitwayo kaboni-11. Chembe hiyo hutengenezwa katika mtambo uitwao saiklotroni. Inapochakaa hutoa chembe ndogo iitwayo pozitroni, nayo pozitroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na kuacha miali miwili ya gama inayokimbia pande mbili zinazoelekeana. Mgonjwa au mnyama hulazwa katikati ya pete ya vipima-miali. Kompyuta huunganisha pale miali miwili ilipopokelewa kwa wakati mmoja, na kidogo kidogo picha ya ubongo hujichora, ikionyesha pale ambapo kengele zimekusanyika kwa wingi. Mashine hiyo hujulikana kwa herufi tatu: PET.

Mnururisho huo hauishi muda mrefu. Kila baada ya dakika 20 hivi nusu ya nguvu ya kaboni-11 huwa imekwisha, hata baada ya saa mbili hubaki sehemu moja tu kati ya 64. Ndiyo sababu kifuatilizi cha namna hii hakiwezi kusafirishwa mbali. Ni lazima kitengenezwe karibu na kitanda cha anayepimwa. Katika eneo letu la Afrika Mashariki, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ilianzisha huduma ya PET pamoja na saiklotroni yake mwaka 2018, hasa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani. Hapa kwetu, wengi mmewahi kusindikiza ndugu zenu Ocean Road, Dar es Salaam, ambako dawa nururifu hutumika kuchunguza na kutibu. Kwa hiyo jambo hili halipo mbali nasi kama linavyosikika.

Sasa tumrudie shahidi wetu. Mwaka 1983, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, wakiongozwa na daktari Henry Wagner, walichapisha kwa mara ya kwanza picha za vipokezi vya dopamini katika ubongo ulio hai. Dopamini ni kemikali nyingine iliyo ndugu wa serotonini. Walianza na nyani, kisha mwanadamu. Na mwanadamu wa kwanza kulala katika mashine hiyo kwa kazi hiyo, mwezi Mei mwaka huo, alikuwa ni Wagner mwenyewe. Kifuatilizi walichokitumia hukaa pia katika vipokezi vya serotonini kwenye gamba la ubongo, na mwaka uliofuata, 1984, kikundi hicho kilitoa vipimo vya vipokezi vya kemikali zote mbili katika watu wazima, vikionyesha kwamba vipokezi hupungua kadiri umri unavyosonga. Tangu wakati huo, vifuatilizi vingi vya serotonini vimepitia kwanza katika ubongo wa nyani na wa jamaa zake. Ubongo wa panya ni mdogo mno na umetofautiana mno na wetu. Ubongo wa nyani una mikunjo na sehemu zinazofanana na zetu. Mnyama hulazwa kwa dawa ya usingizi, hupigwa picha, huamka, na anaweza kupimwa tena siku nyingine pasipo kuuawa.

Basi, wapendwa, ni nini walichokiona humo? Waliona vipokezi vilevile. Vipokezi vya serotonini tulivyo navyo mimi na wewe, nyani anavyo, katika mpangilio unaofanana sana na wetu.

Hapo ndipo pana kiini cha tafakari hii. Nyani hana dhambi. Hajavunja mwiko wa ukoo wowote. Hajamdhulumu ndugu yake shamba la urithi, hajaacha kusali rozari, hana jirani mwenye kijicho anayemtupia uchawi. Na bado anacho katika ubongo wake chombo hicho hicho ambacho kwacho usingizi wetu, hofu yetu na uzito wa moyo wetu hupitia. Ikiwa chombo hicho kimo ndani ya kiumbe kisicho na hatia wala laana, basi chombo hicho ni kiungo cha mwili, kama ini na figo zilivyo viungo vya mwili. Na kiungo cha mwili chaweza kuugua. Kikiugua, hatumwulizi mgonjwa ametenda dhambi gani. Tunamwuliza anaumwa wapi na tunampeleka anakoweza kusaidiwa.

Labda mtu ataniambia, "Baba Paroko, unatufanya sisi kuwa nyani." La hasha. Mwanadamu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, na hakuna mashine itakayoipiga picha sura hiyo. Lakini imani yetu Katoliki haijafundisha kamwe kwamba roho inakaa ndani ya mwili kama mpangaji ndani ya nyumba asiyojali ikivuja. Tunafundisha kwamba mwili na roho ni mtu mmoja. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alipoorodhesha mambo yanayopunguza huzuni, hakutaja kutafakari ukweli peke yake. Alitaja pia machozi, huruma ya marafiki, usingizi na kuoga. Mwalimu huyo mkuu wa Kanisa hakuona aibu kumwandikia mwenye huzuni maji ya kuoga na usingizi, kwa sababu alijua kwamba anayehuzunika ana mwili.

Kumbukeni pia habari ya nabii Elia katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii aliyekuwa ameshusha moto mlimani Karmeli alikwenda jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Malaika alipofika hakumhubiria wala hakumkemea kwa kukosa imani. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale. Kisha akaja mara ya pili akafanya vivyo hivyo. Mwili ulihudumiwa kwanza, na sauti ya Mungu ilisikika baadaye, Elia alipokwisha kupata nguvu za kutembea.

Hata hivyo, haki inanitaka niseme na upande wa pili, maana wapo wanaoikimbia hirizi wakaangukia ushirikina wa namna nyingine, ule wa kuamini kwamba mtu ni kemikali tu. Kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba sonona ni "upungufu wa serotonini", kama vile gari lililopungukiwa mafuta. Mwaka 2022 watafiti wa London walipitia tafiti nyingi zilizokwisha kufanyika, zikiwemo hizo za picha za vipokezi, nao walieleza kwamba hawakuona ushahidi thabiti wa kusema kwamba sonona husababishwa na serotonini kuwa chache. Wataalamu wengine walibishana nao, na mjadala unaendelea. Picha zimeonyesha vipokezi viko wapi. Hazijatupatia sababu moja rahisi ya huzuni ya mwanadamu. Msiba, ukame unaokausha mahindi miaka miwili mfululizo, kipigo ndani ya ndoa, madeni, upweke wa mzee ambaye watoto wake wote wamehamia mjini: haya nayo huingia mwilini na kuuchosha ubongo.

Je, hilo linafuta niliyoyasema? Hapana. Mkongojo humsaidia aliyevunjika mguu, wala hakuna asemaye kwamba mguu ulivunjika kwa kukosa mkongojo. Vivyo hivyo dawa za sonona huwasaidia wagonjwa wengi, hata kama elimu ya chanzo haijakamilika. Na hapa picha zile zimeleta faida iliyo dhahiri. Mwaka 2004 watafiti wa Toronto, Kanada, walipima kwa PET ule mlango unaorudisha serotonini, kwa watu waliokuwa wakitumia dawa tano tofauti za sonona. Waliona kwamba kwa kipimo cha chini kinachotibu, dawa hizo zote zilikuwa zimeziba asilimia 80 hivi ya milango hiyo. Kuongeza vidonge zaidi ya hapo huongeza kidogo tu. Kifuatilizi walichokitumia kilipimwa pia katika ubongo wa nyani. Kwa hiyo daktari anapokuandikia kidonge kimoja badala ya vinne, hana ubahili. Nyuma ya uamuzi wa namna hiyo kuna kazi kubwa iliyofanyika.

Nataka nisieleweke vibaya: asitokee mtu akaenda hospitali kudai apigwe picha ya serotonini. Picha hizo ni za utafiti. Sonona hutambuliwa na mhudumu wa afya anayeketi, akauliza na kusikiliza.

Ndugu zangu, Kanisa lenyewe limetembea njia hii ya kujifunza. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kikanisa waliojiua kwa kusudi kamili. Wazee wetu wanakumbuka uchungu wa familia zilizozika pasipo padre. Sheria mpya, iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwezi Januari 1983, haikuwataja tena katika orodha hiyo. Na Katekisimu inafundisha kwamba matatizo mazito ya kisaikolojia yaweza kupunguza wajibu wa mtu aliyejitoa uhai, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Tazameni mwaka huo: 1983, mwaka uleule wa picha ya kwanza. Sisemi kwamba jambo moja lilileta lingine. Nasema tu kwamba ikiwa Mama Kanisa ameacha kumhukumu marehemu, ni ajabu gani sisi kuendelea kumhukumu aliye hai ambaye bado anaweza kuokolewa?

Neno moja kuhusu shahidi wetu, maana shahidi naye ana haki. Katekisimu inaruhusu majaribio ya kitabibu kwa wanyama yakibaki ndani ya mipaka ya busara na yakisaidia kutunza au kuokoa uhai wa binadamu. Na papo hapo inakataza kuwatesa bila sababu. Huko Nairobi ipo taasisi ya utafiti wa jamii ya nyani iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960, nasi hapa jirani, mwaka 2016, tulisikia habari za tumbili waliozuiwa katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro wakitaka kusafirishwa nje ya nchi, jambo ambalo baada yake serikali ilisimamisha biashara ya wanyamapori hai. Sisemi hao walikuwa wa maabara. Nakumbusha tu kwamba kiumbe kinachotoa kiasi hiki kwa ajili yetu hakistahili kushikwa kama gunia la mkaa. Mtafiti anayefuata sheria, anayetumia wanyama wachache iwezekanavyo na kuwalaza kwa usingizi, anatenda kazi njema. Asiyejali maumivu yao hatendi kazi njema, hata akigundua jambo kubwa.

Basi tufanye nini sisi wa parokiani? Nawaomba mambo manne.

Kwanza, tuache kuuliza "ametenda nini" na tuanze kuuliza "anaumwa tangu lini". Huzuni inayodumu zaidi ya majuma mawili, ikiambatana na kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula na kujiona hufai, ipelekwe kituo cha afya. Kutoka hapo mgonjwa anaweza kuelekezwa KCMC, Moshi. Na katika milima jirani ya Usambara ipo Lutindi, hospitali ya ndugu zetu Walutheri inayowahudumia wagonjwa wa akili tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20.

Pili, asiwepo kiongozi wa maombi, wala katekista, wala padre, atakayemwambia mgonjwa aache vidonge ili athibitishe imani yake. Dawa hizi huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na kuziacha ghafla kunaweza kumdhuru. Mgonjwa na asali, apokee Mpako wa Wagonjwa, na ameze dawa yake. Mambo haya matatu hayagombani.

Tatu, jumuiya ndogo ndogo ziwe malaika wa Elia. Kutoka Same hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 100, na kwa anayeshuka kutoka milimani nauli ni mzigo. Jumuiya inayochangia jeneza bila kusitasita ichangie pia nauli ya kliniki, wakati mtu bado anapumua.

Nne, anayezungumza juu ya kufa asiachwe peke yake, wala asifanyiwe mzaha. Muulizeni kwa upole kama anafikiria kujidhuru. Swali hilo halimpandikizii wazo, bali humfungulia mlango. Dawa za mashambani zifungiwe mbali naye, na msaada utafutwe siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Sonona ndiyo maradhi tunayoyaficha kuliko yote, tukiyavika majina ya laana na ya uvivu wa kiroho. Kesho asubuhi nyani watateremka tena mashambani, nasi tutawafukuza, kwa sababu watoto lazima wale. Lakini kwa yule ndugu aliyejifungia ndani, tusiokote jiwe. Twende tukabishe hodi, na mkononi tuwe na chakula.

Nawatakia juma jema. Mungu awabariki nyote, na Mama Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee.

Wenu katika Kristo,
Baba Paroko